Stempu zisizo na bei: C, F, G, H, FOREVER na 1st zina thamani gani?

Mkuu mleta uzi, nimechelewa kuuona uzi huu, lakini naona majibu yaliyotangulia yamechanganya stempu za aina mbili. Ukiyafuata, ama utatupa pesa ama bahasha yako itakwama njiani. Kwa mnaoingia sasa: mwenzetu kaachiwa na shangazi yake, aliyewahi kuishi Marekani na baadaye Uingereza, bahasha kubwa imejaa stempu ambazo hazijatumika, na nyingi hazina bei. Kuna za tai zenye herufi C, ua lenye F, bendera yenye G, kofia yenye H, kengele yenye neno FOREVER, kichwa cha Malkia chenye "1st", na moja ambayo haina picha kabisa, maandishi matupu. Anataka kujua kila moja ina thamani gani, kama zinauzika, na kama anaweza kuzibandika kwenye bahasha ya kurudishiwa vyeti anayoipeleka chuo kimoja cha Marekani.

Mimi stempu nilianza kuzikusanya nikiwa mwanafunzi Tanga, enzi za kubadilishana na wenzangu zikiwa zimebanwa katikati ya daftari. Siku hizi niko Ohio, na katika jumuiya yetu ya Waswahili huku kazi ya kutuma barua imeniangukia mimi: mialiko, taarifa za michango, kadi za shukrani baada ya msiba. Kwa hiyo stempu hizi nimezishika kwa pande zote mbili, za albamu na za dirisha la posta.

Tuanze na msingi, kwa sababu ukiupata huo mengine yote yanajipanga. Chukulia umeenda mashineni kulipia kusagiwa mahindi ya wiki ijayo. Mwenye mashine anaweza kukupa karatasi iliyoandikwa "debe moja", au anaweza kuandika kwenye daftari lake kwamba umelipa shilingi elfu mbili. Wiki ijayo bei ikipanda, mwenye karatasi ya debe anasagiwa debe lake bila maneno. Aliyeandikwa elfu mbili anaambiwa aongeze. Stempu zisizo na bei zimegawanyika hivyo hivyo. Kuna zinazoahidi huduma, hata ipande vipi, na kuna zenye bei iliyogandishwa ambayo haikuchapishwa tu. FOREVER na 1st ni za debe. C, F, G na H zako ni za elfu mbili. Aliyesema hapo juu kwamba zote ni "forever, bei moja" amekosea hapo.

Kwa nini basi posta ichapishe stempu yenye bei isiyobadilika halafu isiiandike? Jibu ni la kiwandani. Stempu za barua za kawaida Marekani huchapishwa kwa mabilioni, na kazi hiyo inachukua miezi. Bei mpya ilikuwa haiamuliwi na posta peke yake, ilipita kwenye tume, na tume ikitoa uamuzi, bei inaanza baada ya wiki chache. Ukisubiri tarakimu ndipo uwashe mitambo, siku ya bei mpya madirisha hayana stempu. Wakaamua kuchapisha mapema, wakaacha nafasi ya bei, wakasema bei itatangazwa. Mara ya kwanza kwa Marekani ilikuwa Krismasi ya 1975. Stempu mbili, moja ya Bikira Maria ya mchoraji Ghirlandaio na nyingine ya kadi ya zamani ya Louis Prang, zilitoka bila bei kwa sababu haikujulikana kama kiwango kingekuwa kimepanda kufikia hapo. Hakikupanda hadi mwisho wa Desemba, kwa hiyo ziliuzwa senti 10, na senti 10 ndiyo thamani yake hadi leo.

Baada ya hapo wakaingia kwenye herufi, na orodha yake ni hii, inakiliwe na kila mwenye albamu. A ni senti 15, ya 1978. B ni senti 18, na C ni senti 20, zote za 1981, maana mwaka huo bei ilipanda mara mbili, Machi na Novemba. D ni senti 22, ya 1985. Hizo nne zote ni tai yule yule, tofauti ni rangi: A ya machungwa, B ya zambarau, C ya kahawia, D ya kijani. E ni senti 25, ya 1988, ina picha ya dunia. F ni senti 29, ya 1991, ina ua la tulipu. G ni senti 32, ilitoka mwishoni mwa 1994 kwa bei iliyoanza Januari mosi 1995, ina bendera. H ni senti 33, ilitoka 1998 kwa bei ya Januari 1999, na ina kofia ya Uncle Sam.

Kwenye G usiwe na haraka. Soma maandishi madogo. Ikiwa imeandikwa kwamba ni ya kiwango cha postikadi, hiyo ni senti 20, si 32. Ikiwa imeandikwa "First-Class Presort", ni senti 25 na ilikuwa ya makampuni yanayopeleka barua nyingi zikiwa zimeshapangwa. Bendera ni ile ile, na kwa kuitazama haraka unaweza kuzihesabu zote sawa.

Sasa ile isiyo na picha, ambayo mmoja wenu kasema ni lebo tu na itupwe. Isitupwe, ingawa haitakutajirisha. Maandishi yake yanasema kwa Kiingereza kirefu kwamba stempu hii, ikiongezewa stempu za Marekani za senti 25, inalingana na kiwango cha F. F ni 29. Toa 25. Umebaki na senti 4, na hiyo ndiyo thamani yake. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokuwa na akiba ya stempu za E majumbani bei ilipopanda, wabandike na hii pembeni wafikie 29. Nafikiri ni moja ya stempu za ajabu kuliko zote zilizowahi kuuzwa dirishani: inakupa mtihani wa hesabu badala ya bei. G nayo ilikuwa na ya kujazia, ina njiwa, thamani yake senti 3. Ya H ina jogoo wa kuonyesha upepo, senti 1.

Baada ya H waliacha herufi lakini hawakuacha mtindo. Mwishoni mwa 2000 zikatoka zenye maneno "First-Class" tu, hizo ni senti 34. Za 2002 zenye bendera ni senti 37. Za Desemba 2005, Sanamu ya Uhuru na bendera, ni senti 39. Hizi ndizo zinazowapoteza wengi, kwa sababu neno "First-Class" linasikika kama ahadi ya huduma, ungedhani ni sawa na ile 1st ya Uingereza. Siyo. Angalia mwaka uliochapishwa kwa herufi ndogo sana chini pembeni, ndio utakuonyesha ni kiwango kipi. Lenzi ya kusomea inatosha, au kamera ya simu ukiikuza.

Ya kengele ni habari nyingine. Ile Kengele ya Uhuru ilitoka Aprili 2007, ikauzwa senti 41, na ndiyo stempu ya kwanza ya Marekani kuandikwa FOREVER. Mwezi mmoja baadaye bei ya barua ilipanda kutoka 39 hadi 41, na tangu hapo kila bei ikipanda, kengele inapanda nayo. Julai 2025 kiwango kilifika senti 78. Yaani aliyenunua kengele kwa 41 akaiweka kabatini, kwa kiwango hicho cha Julai 2025 inamlipia barua ya senti 78, ongezeko la asilimia 90 bila kufanya lolote. Kabla hujaanza kuuza ng'ombe ununue stempu, kumbuka ongezeko hilo limechukua miaka kumi na minane, na posta haikurudishii fedha taslimu ukichoka nazo. Pia haipandi tu. Aprili 2016 bei ilishuka kutoka senti 49 hadi 47, kwa sababu nyongeza ya muda waliyoruhusiwa kutoza ilikwisha, na kila FOREVER iliyokuwa majumbani ikashuka siku hiyo hiyo. Wengi huku hawakumbuki tukio hilo, lakini ndilo linaloonyesha vizuri FOREVER ni kitu gani: thamani yake ni bei ya leo ya barua moja ya kawaida, si senti zaidi, si pungufu.

Na hapo kuna mtego wa uzito. Barua moja ya kawaida maana yake aunsi moja, karibu gramu 28. Ikizidi, huhitaji FOREVER ya pili nzima. Aunsi ya ziada, kwa viwango vya Julai 2025, ni senti 29. Watu wanabandika FOREVER mbili kwenye barua ya aunsi mbili, ambazo ni 156, wakati inatakiwa 107. Senti 49 zimeondoka bure. Hapa ndipo stempu za herufi za shangazi yako zinapata kazi nzuri: FOREVER moja na F moja, ambayo ni senti 29 kamili, barua ya aunsi mbili imelipiwa sawasawa. Mimi ninapokuwa na za zamani nyingi hupenda kuzipanga zifike hesabu bila kupitiliza. C moja na F mbili ni 78. C, E na H kwa pamoja ni 78 pia. Bahasha inaonekana kama ukurasa wa albamu, na bibi mmoja wa jumuiya yetu hunirudishia bahasha hizo kila akipata, ananiambia mjukuu wake anazitaka.

Zipo FOREVER nyingine ambazo hazilingani na kengele. Iliyoandikwa "Postcard" ni ya postikadi. "Additional Ounce" ni ya ile aunsi ya ziada. "Two Ounce" na "Three Ounce" zinajieleza. Yenye kipepeo ni ya bahasha isiyopita kwenye mashine, kwa mfano ya mraba au yenye kitu kigumu ndani, kwa hiyo kadi za harusi huku mara nyingi zina vipepeo. Na "Global Forever", hii muhimu kwako, ilianza Januari 2013 kwa dola 1.10, ni ya duara, na inalipia barua ya aunsi moja kwenda nchi yoyote. Julai 2025 ilifika dola 1.70.

Ukikuta zenye "Nonprofit Org." au "Presorted Std", zile zinazokuja kwenye bahasha za mashirika ya hisani, ziweke kwenye albamu. Thamani yake ni ndogo, senti 5 na senti 10, na mtu wa kawaida haruhusiwi kuzitumia kwenye barua yake. Mtumaji mwenye kibali ndiye hulipa tofauti kwa posta.

Uingereza ni rahisi kuelewa lakini ina masharti mapya. "1st" na "2nd" zilianza Agosti 1989, zikiuzwa peni 19 na peni 14. Ni ahadi ya huduma: 1st ni barua ya haraka, 2nd ni ya polepole, bei yoyote itakayokuwapo. 1st ilifika pauni 1.70 Aprili 2025, kwa hiyo karatasi ya peni 19 imekuwa karibu mara tisa. Januari 1999 waliongeza E kwa ajili ya Ulaya. Msiichanganye na E ya Marekani, tazama kichwa cha Malkia; Uingereza haiandiki jina la nchi kwenye stempu, ni kichwa tu, kwa sababu wao ndio walioanza mwaka 1840 na hapakuwa na nchi nyingine ya kujitofautisha nayo.

Masharti yenyewe ni haya. Zile za kila siku zenye kichwa cha Malkia na rangi moja, zisizo na ule msimbo wa vidoti pembeni, zilifutwa baada ya Januari 31, 2023, ikaongezwa muda wa huruma hadi Julai 31 mwaka huo. Ukiibandika leo, barua inahesabika haijalipiwa. Lakini haijafa: kuna utaratibu wa kuzibadilisha, unajaza fomu, unazituma, unaletewa zenye msimbo. Zenye picha, za matukio maalumu na za Krismasi, hazikufutwa, zinatumika kama zilivyo. Kwa hiyo 1st ya shangazi yako, kama ni kichwa kitupu bila vidoti, mpe ndugu aliyeko Uingereza aibadilishe. Kama una moja tu, gharama ya kuihangaikia itaizidi.

Sasa naomba mnivumilie kidogo, maana kuna aliyeuliza katikati ya uzi kama huu ni "ujanja wa posta za kisasa". Hapana. Barbados mwaka 1852 ilitoa stempu za Britannia, yule mwanamke anayewakilisha Uingereza, ameketi, hazina bei popote. Kijani ilikuwa nusu peni, buluu peni moja. Rangi ndiyo ilikuwa bei, na kila karani aliijua. Mwaka mmoja kabla ya hapo Austria ilitoa za magazeti zenye kichwa cha Mercury, mungu wa Warumi: ya buluu ilikuwa sehemu sita ya kumi ya kroiza (sarafu ndogo ya Austria enzi hizo), ya manjano kroiza 6, ya waridi kroiza 30. Picha ni ile ile. Za manjano na waridi sasa ni adimu sana, na anayezinunua analipia rangi.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kisa cha kinyume chake, na nakipenda. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alitengeneza stempu za Uganda kwa mashine ya taipu. Zina tarakimu na herufi U na G, lakini jina la fedha hamna. Tarakimu hiyo ilikuwa ya kauri, simbi hizi hizi za baharini, na kauri 200 zilikuwa rupia moja. Bei ipo, fedha ndiyo haikuandikwa, na aliyeishi Mengo wakati huo hakuhitaji kuambiwa. Ukiona moja inauzwa kwa bei nafuu mtandaoni jua ni ya bandia, kughushi karatasi iliyopigwa taipu si kazi.

Lakini sababu kubwa iliyofanya nchi kufuta bei ni mfumuko. China mwaka 1949, sarafu ya yuani ya dhahabu iliyoanzishwa Agosti 1948 ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba stempu iliyochapishwa asubuhi ilikuwa haitoshi jioni. Wakatoa nne zisizo na bei: ya barua ya kawaida, ya barua ya haraka, ya rejista na ya ndege. Bei ilikuwa inatangazwa kila siku. Hungaria mwaka 1946 ilifanya hivyo hivyo, ila haikuwa na muda hata wa kuchora mpya. Walichukua stempu za zamani wakazigonga vifupisho juu: Hl. ni barua ya mjini humo humo, Tl. ni barua ya mji mwingine, Tlp. ni postikadi ya mji mwingine, Ajl. ni rejista. Nilizipata kwenye kifurushi cha mchanganyiko na nilidhani ni majina ya miji hadi nilipozilinganisha na katalogi. Agosti mosi 1946 ikaja sarafu mpya, forinti, na mchezo ukaisha. Israeli ilifuata njia hiyo 1982 na stempu ya tawi la mzeituni isiyo na bei. Mwaka 1984 mfumuko wao ulipita asilimia 400, kwa hiyo walikuwa na sababu.

Hizo za mfumuko ndizo zilizonifundisha kusoma stempu ngeni. Usitafute tarakimu. Tafuta huduma: ni barua au postikadi, ya ndani au ya nje, uzito gani. Afrika Kusini inaandika "Standard Postage" kwa barua ya kawaida ya ndani, "Airmail Postcard" kwa postikadi ya ndege, na B5 na B4 kwa bahasha kubwa. Namibia nayo ina utitiri wa aina hiyo, pamoja na ya rejista. Italia inatumia A na B na kanda za dunia. Ukraine inatumia herufi. Ile maarufu ya 2022 ya askari wa Kisiwa cha Nyoka ilitoka mbili, F ya ndani na W ya kwenda nje ya nchi, na wanunuzi wengi wa mtandaoni walizichukua bila kujua kwa nini W ni ghali. Ufaransa ilitumia rangi, nyekundu kwa haraka na kijani kwa kawaida, hadi huduma ya nyekundu ilipofutwa Januari 2023. Posta ikaruhusu watu waendelee kuzibandika kwenye huduma nyingine.

Na ndiyo maana Umoja wa Posta Duniani ulikuwa mgumu kuzikubali kwenye barua za nje. Karani wa Nairobi anayepokea barua ya Ohio angejuaje kama C ya kahawia inatosha? Ndiyo sababu baadhi ya za tai zina maneno ya Kiingereza yanayosema ni za ndani ya nchi, na G zimeandikwa kwamba ni za anwani za Marekani tu. Chukua lenzi uangalie, zimeandikwa kwa herufi ndogo.

Kuhusu kuuza. Thamani ya posta na bei ya mkusanyaji ni vitu viwili, na kwa C, F, G na H bei ya mkusanyaji kwa kawaida iko chini ya thamani ya posta. Zilichapishwa nyingi mno. Huku kuna wafanyabiashara wanaonunua mafurushi yake kwa punguzo na kuyauza kwa watu kama mimi tunaoyabandika, kwa hiyo nafuu yake ni hapo tu. Kinachobadilisha hesabu ni kasoro ya uchapaji: rangi iliyokosekana, au karatasi isiyotobolewa vitundu vya kuchania. Ukiona yenye pengo kama hilo, usiibandue, usiilowanishe, ipige picha pande zote mbili uiweke hapa. Na kwa hali ya hewa ya pwani, zitenganishe kwa karatasi ya nta, zikishikana gundi kwa unyevu hata thamani ya posta inapotea.

FOREVER ndizo zinazotafutwa, na kwa sababu hiyo ndizo zinazoghushiwa. Mkiona mtandaoni roli la FOREVER mia linauzwa nusu bei, hakuna anayeuza noti ya elfu kumi kwa elfu tano kwa roho safi. Za shangazi yako, alizonunua mwenyewe dirishani, hazina wasiwasi huo.

Mwisho bahasha yako ya chuo. Stempu ya Tanzania haifanyi kazi kwa barua inayotumwa kutoka Marekani, kwa hiyo wazo lako la kuweka za Marekani ni sahihi. Tumia kengele, acha za herufi. Kwa viwango vya Julai 2025, barua ya aunsi moja kuja Tanzania ilikuwa dola 1.70. Kengele mbili ni 1.56, hazitoshi, zinapungua senti 14. Kengele tatu ni 2.34, zinatosha na kuzidi. Ukiwa na stempu zenye tarakimu za kufikia senti 14, mbili na hizo zinamaliza. Ila hesabu hiyo ni ya bahasha ndogo ya barua yenye karatasi chache. Vyeti visivyokunjwa vinaingia kwenye bahasha kubwa, na hiyo ina kiwango chake cha juu zaidi, kwa hiyo waandikie kwanza chuoni uwaulize wanatuma kwa ukubwa gani, na kama wanatoza ada ya kutuma usiweke stempu kabisa. Ile kuponi ya kimataifa ya majibu ambayo mdau mmoja ameitaja, karatasi ya Umoja wa Posta Duniani inayobadilishwa dirishani kwa stempu za kujibia, ina tarehe ya mwisho wake, na Marekani yenyewe iliacha kuiuza 2013. Kwa chuo chenye wafanyakazi vijana, kengele tatu zilizobandikwa tayari zinawasumbua kidogo kuliko kuponi ya kubadilisha dirishani.

Picha ya tatu uliyoweka ina stempu moja ya bluu iliyokatwa na ukingo wa bahasha, naona "First-Class" na bendera lakini mwaka hauonekani. Ipige tena karibu, upande wa chini kushoto, nikuambie kama ni 34 au 37.